Aliyeniambia Nifunge Koki Haraka

Mwaka ule sisi watu wa Ggaba, kando ya ziwa, tuliacha samaki. Tulikula maharagwe bila chumvi, chai tukainywa huku tukitafuna muwa, lakini samaki hapana, maana kila mtu alijua ziwa linalishwa maiti za watu waliobebwa na maaskari. Ukitaka kuniita mwongo, niite. Mimi nilikuwepo, na pua yangu ilikuwepo.

Mume wangu, Baba Simiyu, tulitoka naye Kenya kutafuta kazi. Alitunza koki kubwa ya bomba lililopandisha maji kutoka ziwani hadi nyumba za maaskari mlimani. Hakuifunga kwa pupa hata siku moja. Mimi niliketi kando nikimenya maharagwe, naye akazungusha kwa mwendo wangu: ganda moja, mzunguko mmoja. "Maji ni ng'ombe walio mbioni," aliniambia. "Ukiwafungia lango ghafla, wa nyuma wanawapanda wa mbele, zizi linavunjika."

Siku moja akaja afande mmoja, tumbo mbele, anataka koki ifungwe upesi.

"Wee mzee, hii ni kazi ama jiko?"

Akamsukuma, akaizungusha mwenyewe, vuu! Bomba likagonga kama nyundo, likapasuka. Unadhani nani alibebwa kwa kuhujumu serikali? Baba Simiyu. Wakamtia kwenye buti ya gari. Mtu mzima, kama mbuzi! Ptuu.

Bomba wakaliziba, koki wakaniachia mimi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua.

Majuma machache yakapita. Mchana kweupe, mvua inanyesha, nafunga koki peke yangu, beseni magotini, yamebaki maganda kumi. Akaingia mume wangu. Shati lake. Pengo lake la jino. Nililia, kwa nini nifiche?

"Mama Simiyu, funga haraka twende nyumbani."

Kila neno lilitoka na dagaa hai, wakimdondokea kifuani na kamasi. Miguu ilikuwa imevimba, myeupe, kama muhogo uliolowekwa ukaoza. Niamini, hayo hayakunikimbiza. Mume wangu ningemwosha hivyo hivyo. Kilichonizuia ni lile neno. Haraka? Baba Simiyu, mbele ya koki?

"Siharakishi. Ganda moja, mzunguko mmoja."

Hapo nikajua si yeye. Lile jitu likaweka mikono yake juu ya yangu, ute ukanipanda hadi viwikoni, likaanza kusukuma. "Haraka, mwanamke mvivu!" Lilitaka bomba lipasuke, na mimi nitiwe kwenye buti. Nikalitemea mate usoni. Nikamenya, nikazungusha. Nikamenya, nikazungusha. Ganda la mwisho likaanguka, koki ikafungika, bomba likanyamaza kimya.

Lile jitu likayeyuka kuwa maji ya uvundo, yakarudi ziwani kupitia mtaroni. Likabaki shati. Lilikuwa lake kweli. Kiraka nilikishona mimi. Ndipo nikajua kwamba ni mjane.

Samaki sijala tena hadi leo. Nikinusa mikono yangu, natapika. Mjukuu wangu Nekesa ni injinia wa maji, na ninajivuna, kwa nini nisijivune? Anachora kwenye kompyuta mstari wa nguvu ya maji, unapanda, unashuka. Juzi ananiambia, "Kukhu, tumepiga hesabu mwezi mzima. Dawa ni kufunga polepole." Nilicheka hadi nikalia.

Nanyi mnaofunga mifereji ya maji kwa kubamiza, acheni. Mnaliita. Kila bomba linapogonga ukutani, nalisikia lile jitu, na sauti ni ya mume wangu, tamu kabisa: "Mama Simiyu, funga haraka twende nyumbani."

Siharakishi. Ganda moja, mzunguko mmoja.