Kisima Alichochimba Baba

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ambayo naikumbuka kila ninapokaa peke yangu, na siku hizi nakaa peke yangu sana. Nilikuwa kijana nasomea kemia chuoni, nimerudi nyumbani huku Mkalama kwa ajili ya utafiti. Nilikuwa nimepika maganda ya alizeti kwenye tanuri nikapata chembe za kaboni, ndogo mno, jicho halizioni. Ukizitia kwenye maji na kuzimulika kwa taa ya urujuanimno, zinang'aa buluu. Maji yakiwa na zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu, mwanga ule unafifia.

Nilipima visima vya kijiji. Maji ya vyote yaling'aa, isipokuwa ya kimoja, kilicho jirani na mahali wanapooshea dhahabu. Hicho alikichimba baba yangu kwa mikono yake, kabla sijazaliwa.

Chuma nacho huweza kufifisha mwanga huo, kwa hiyo kwanza nilinyamaza. Nikapeleka maji maabara ya mjini, nikangoja. Jibu likaja: zebaki.

Nilimweleza baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe umekua kwa maji haya."

"Ndiyo, baba. Wakati ule walikuwa hawaoshi dhahabu pale."

Akainuka, akaniacha pale. Habari zikaenea. Waosha dhahabu waliniona adui, majirani wakaacha kupita kwetu. Nikisema shikamoo, wazee waliitikia wakiangalia pembeni. Nilikula peke yangu, na chakula cha namna hiyo, mwanangu, hakishuki.

Nilitamani kurudi chuoni, lakini nilibaki. Kila asubuhi nilikaa pale kisimani na taa yangu na shuka jeusi la kuzuia jua, anayetaka aje aone mwenyewe. Hakuja mtu. Halafu asubuhi moja akaja baba. Akajifunika shuka, akatazama chupa ya maji ya mvua ya akiba iking'aa, na chupa ya maji yake ikififia. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alichukua panga, akakata miiba, akaziba kisima chake. Jioni akaniita, "Njoo tule."

Wengine hawakunirudia kamwe, na wapo waliokufa hatujasalimiana vizuri.

Basi, mwanangu, ukigundua jambo linalodhuru watu, hakikisha kwanza, kisha liseme, hata likimuumiza unayempenda. Ila usiliseme ukaondoka. Kaa karibu nao wakati wanakukasirikia, maana nao wamebaki na uchungu wao. Upweke huo utauzoea, hautakuua. Mungu akutunze, akupe kifua cha kuubeba, na akupe watu wa kukuelewa ungali hai.