Vidole Viwili vya Papa

Harufu ya mpira uliopigwa na jua inaniudhi. Wengine wakiisikia hukumbuka safari; mimi nakumbuka viganja vya Papa vikiwa vyeusi tii, na sista mmoja mwenye nguo nyeupe, na aibu yangu. Juzi niliegemeza baiskeli yangu kwenye ukuta wa biro yetu, ofisi ninakofanya kazi, na nilipotoka saa sita mchana vishikio vilikuwa vimelainika na kunuka vilevile. Nikasimama pale, mwanamke mzima mwenye makaratasi kwapani, hasira ya utotoni ikinipanda upya. Ngojeni niwaeleze ninyi, maana nyumbani kwangu wamechoka kunisikiliza.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa nyavu. Wavuvi wa hapa Kalemie walimletea nyavu zilizochanika, za dagaa tunaowaita ndakala na za samaki wakubwa mikebuka, naye aliketi kwenye mchanga, wavu ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu, akishona kwa sindano ya mti aliyoichonga mwenyewe. Uzi aliuzungusha kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kuume, akaubana na kile cha jirani yake, akavuta. Hapo fundo limekaa. Vidole vingine vilisaidia tu. Kazi yenyewe ilikuwa ya hivyo viwili.

Na hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vinakufa.

Tuliishi ng'ambo ya mto Lukuga, mbali na shule na mbali zaidi na pwani ya ziwa. Papa alikuwa na kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli kwetu, ya zamani, nyeusi, nzito, usukani wake ukirudi nyuma pande zote mbili kama pembe za mbuzi. Keria ya nyuma ilijaa nyavu za watu. Mimi nilikaa mbele, kwenye kile chuma kilicho kati ya kiti na usukani, nimekalia kipande cha kitenge cha Mama kilichokunjwa mara nne. Mwaka uliotangulia nilikuwa nakwenda kwa miguu, na mara tatu nilikuta mlango wa shule umefungwa, nikarudi nyumbani nikilia njia nzima. Mara ya tatu Papa alisema, "Hawatakufungia tena," na kesho yake akanipandisha kwenye kinga. Hakufanya hotuba. Papa hakuwa mtu wa maneno, na ndiyo shida yangu naye mpaka leo.

Njia yetu ilikuwa mawe, mashimo, halafu reli, halafu mawe tena. Kila tetemeko lilipanda kwenye usukani na kuingia viganjani mwake. Tulipofika shuleni aliniteremsha, kisha akapunga mkono wa kuume hewani, kama mtu aliyenawa akakosa taulo.

"Papa, una nini?"

"Vidole. Vimelala. Vitaamuka."

Mwanzoni viliamka upesi. Baadaye vikawa vinaamka jua likiwa limeshapanda. Siku moja baada ya masomo nilimfuata pwani, nikamkuta mvuvi mmoja amesimama mbele yake na wavu begani. Hakuwa anagomba. Laiti angegomba! Alisema taratibu, akiangalia ziwa: "Papa Mado, mafundo yako haikamate tena. Samaki wamepita wote." Akaupeleka wavu wake kwa fundi mwingine, hatua thelathini kutoka pale, Papa akiona.

Jioni ile Mama alimtumbukizia mkono katika maji ya moto yenye chumvi, akiusugua kwa nguvu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na wakati anasema alikuwa ananitazama mimi.

"Mama Mado, nyamaza," Papa akamjibu.

Nilidhani Mama anasema habari za viroboto. Nikachunguza gauni langu mpaka kwenye pindo, sikuona kitu. Halafu nikaamua kwamba kama wakubwa wameshindwa, mikono ya Papa nitaiponya mimi. Nilikuwa na miaka tisa, darasa la nne, na kiburi cha kutosha madarasa sita.

Nilianza na sponji. Nilikata kipande cha godoro langu, nikavifunga vishikio kwa uzi wa wavu vikawa vinene kama mihogo. Papa alivibonyeza, akacheka, akasema sasa anaendesha mto wa kulalia. Siku mbili alikuwa mzima. Siku ya tatu mvua ikanyesha. Sponji ikanywa maji, na kila alipokaza mkono maji yakachuruzika kwenye mikono ya shati mpaka kwapani, yakinuka samaki. Niliing'oa mwenyewe nikaitupa, na Mama alipoliona shimo kwenye godoro akanipa fimbo yangu.

Nikaenda kwenye mpira wa ndani wa tairi. Nilipata mkongwe, nikaukata utepe mrefu, nikauvingirisha kwa ufundi. Ungeona ungesema ni kazi ya kiwandani. Lakini jua la Kalemie halina adabu. Lilipoupiga mpira ule ukaanza kuyeyuka na kunata, na Papa alipofika mlangoni pa shule viganja vilikuwa kama vya mtu aliyesugua masufuria. Hapo hapo akatokea sista mkubwa, nguo nyeupe pee, akinyosha mkono kumsalimia. Papa akaupokea kwa mikono miwili, kwa heshima yote. Sista akaangalia mkono wake, akaangalia upindo wake, akaniangalia mimi. Wiki nzima wenzangu waliniita Makala, yaani mkaa.

Aka! Nikasema, basi ni glavu. Kama vishikio havitaki kuvalishwa, tuvalishe mikono.

Glavu zilipatikana sokoni, kwenye nguo za balo, yaani mitumba. Mama alinipeleka Jumamosi, na tulipekua lundo lile mpaka vumbi lake la dawa likatupigisha chafya. Za sufu zilikuwa nyingi. Mama akazivuta, akasema hizi zitateleza na zitampikia mikono. Tukapata za ngozi nzuri, laini, zote mbili za kushoto. Nilitaka kulia. Mwisho kabisa, chini ya makoti ya watu wa nchi za baridi, zikatoka mbili za kahawia, moja ya kulia na moja ya kushoto, ngozi nene kiganjani. Papa alizivaa, akafungua na kufumba mkono, akasema, "Eeh, Mado, umenifanya mukubwa wa reli."

Sasa sikilizeni kilichoziua glavu zile. Kwetu, mtu hasalimii mkubwa kwa mkono uliofunikwa. Hata mkono wenye unga wa bukari, ugali wetu, unafutwa kwanza. Na Papa alisalimia kila mtu. Kutoka kwetu hadi darajani kulikuwa na mama muuza mikate, katekista, mjomba wa Mama, na mzee mmoja aliyekaa barazani asubuhi zote, nadhani kwa kazi hiyo tu ya kusalimiwa. Kwa kila mmoja Papa alifunga breki, akaweka mguu chini, akavua glavu kwa meno, akasalimia, akauliza habari za watoto, akavaa tena. Nikiwa pale mbele, nilikuwa nasikia meno yakivuta ngozi juu ya kichwa changu, na moyoni nasema: Papa, jamani, pungia tu! Lakini Papa kupungia mkubwa? Afadhali vidole vife.

Nikakata ncha za vidole kwa wembe, ili angalau vidole viguse. "Kiganja kingali kimefunikwa," akasema, akaendelea kuvua. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba papa ya Mado ana ugonjwa wa ngozi anauficha. Wiki ya tatu, darajani, akiwa na glavu ya kulia mdomoni, katekista alimwambia jambo la kuchekesha. Papa alicheka. Glavu ikaingia Lukuga. Yeye akaendelea kucheka, mimi nikalia kwa hasira mpaka shuleni. Kazi yangu yote ikaenda na maji, na Papa anacheka!

Ndipo nikaenda kwa Papa Kilunga, fundi wa kinga aliyefanya kazi karibu na reli. Nilimweleza kila kitu. Aliizunguka kinga ya Papa, akanitazama, akasema kwa upole, "Glavu haina kosa. Angalia usukani: uko chini, tena umesukumwa mbele. Na kiti kimeinama. Uzito wote wa baba yako unalala kwenye mikono." Akakinyanyua kiti pua, akauinua usukani, akauzungusha pembe zirudi nyuma kwa mwenyewe. Nusu saa tu! Mimi nilikuwa nimehangaika miezi na sponji.

Kesho yake Papa alikaa wima kama askofu. Kwenye kona ya kushukia darajani aliukata usukani, na pembe ya kulia ikanichoma ubavuni. "Yo!" nikapiga kelele.

Papa akasimama. "Umeumia?"

"Hapana, Papa. Nimeshituka tu."

Nilikuwa nimeumia sana, lakini ningesemaje? Tulipofika shuleni alivikunja vile vidole viwili na kuvikunjua mbele ya macho yangu. Havikulala. Nikaingia darasani kana kwamba natembea hewani.

Kulipokucha usukani ulikuwa umerudi chini, umesukumwa mbele kama zamani.

"Papa, nani ameushusha?"

"Ni miye. Kule juu kunaniumiza mugongo."

Nawaambia kweli, sijawahi kumkasirikia mtu vile. Niliona ni ukaidi, ni mtu mzima asiyetaka kufundishwa na mtoto. Nilipanda, nikanuna. Niliacha kumuuliza habari za vidole. Aliendelea kunibeba mpaka nikamaliza darasa la sita, na kufikia hapo vile viwili vilikuwa vimejikunja kabisa, havifunguki wala havikazi uzi. Aliiacha sindano ya mti, akawa mlinzi wa mitumbwi ya wengine. Watu walipoliza ulimi kwa huruma, mimi nilisema moyoni: amejitakia.

Sasa nina mtoto wangu, Grasi, wa miaka sita. Asubuhi ninampeleka shule kwa kinga yangu, naye anakaa mbele, maana keria imekatika. Wiki ya kwanza vidole vyangu viwili vya mwisho vikalala. Nikaagiza glavu kwa mfanyabiashara wa boti za Kigoma, nzuri, zenye mto kiganjani. Zikasaidia kidogo, halafu zikachoka. Basi jana nikampelekea Papa Kilunga ile kinga. Bado yuko pale karibu na reli, na miwani minene.

Nikamwambia, "Papa, inua usukani kama ulivyofanya ile siku."

Alimtazama Grasi aliyekuwa amekaa kwenye chuma, akatikisa kichwa. "Nikiinua, pembe itamuchoma mutoto. Nikishusha, weye njo utaumia. Uchague. Baba yako alichagua siku ileile. Alinikuta hapa jioni, akaniambia, 'Rudisha chini, fundi. Imemuchoma mutoto, naye anaficha.'"

Sikumbuki kama nilimuaga. Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa, Grasi mbele, glavu mkononi, kichwa kinachemka. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamnyoshea mkono. Aliutazama, hakuupokea.

"Vua kwanza," akasema.

Nikavua. Akanishika kwa vidole vitatu, vile viwili vimejikunja kiganjani mwangu, vigumu kama mizizi. Nikaanza kumgombeza pale pale, mkono wake sijauachia. Kwa nini hukuniambia? Miaka mitatu! Nilikununia miaka mitatu! Nilikuwa na miguu, Papa, wenzangu wote walikwenda kwa miguu!

Alingoja nimalize. Kisha akasema, "Ningekuambia, ungeteremuka."

Ningeteremka, ndiyo! Ningetembea, ningefungiwa mlango, pengine nisingekuwa na biro wala makaratasi, na yeye angekuwa na vidole vyake na nyavu zake. Hakunipa nafasi ya kuchagua. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumtolea mzazi, naye akarudi kwenye sombe yake. Njiani kurudi niliapa kwamba mimi na mwanangu hatutafichana. Nitamwambia Grasi ukweli wote, aamue mwenyewe.

Leo asubuhi nilimkunjia kitenge mara nne, nikampandisha. Usukani uko chini. Tulivuka reli, tukaruka mawe, naye akiimba nyimbo zake za shule. Mlango ulikuwa wazi. Nilimteremsha, na bila kufikiri nikaanza kupunga mkono hewani.

"Mama, una nini?"

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha yalikuwa tayari mdomoni.

"Vidole," nikamwambia. "Vimelala. Vitaamuka."