Nilichokificha Kuhusu Pikipiki Kubwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuipanda pikipiki hata kidogo. Niliisukuma. Ilikuwa miaka ya themanini, mjini Malindi, kwenye bohari ya dawa ya shirika moja la kujitolea lililohudumia zahanati za mwambao na za huko ndani. Nilikuwa kijana wa Kigiriama aliyezoea vipikipiki vidogo, na nilifika nimechomekea shati, nikidhani nitakabidhiwa ufunguo. Fundi Mkuu, mzee wa Kiamu mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na kucha nyeusi kwa grisi, alinitazama toka juu hadi chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya yakhe, isukume uzunguke ua mara kumi. Ufunguo hauendi popote."

Mzunguko wa sita niliegemea upande usiofaa, ikanilalia. Fundi Mkuu hakuninyanyulia hata kidole. Alinifundisha tu kwa maneno: uipe mgongo, uchuchumae, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, kisha uisukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua ndogondogo. Nilipoisimamisha, alinipa kibao kilichotokana na mbuzi ya nazi iliyovunjika ya mkewe. Kazi yake ilikuwa kutandikwa chini ya stendi ya pembeni, kile kiguu cha chuma kinachoishikilia pikipiki ikiegeshwa, kwa sababu jua la mchana hulainisha lami na kiguu huzama. Nilicheka moyoni, lakini nilikiweka kibao mfukoni na nilikaa nacho miaka mingi.

Ninyi vijana wa bodaboda mnaosoma haya, mashine ile hamkuiona. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliiachia shirika. Ilikuwa ya aina iliyoundwa kwa safari ndefu za kasi: injini ya lita moja, kioo mbele cha kukukinga na upepo, bodi ya plastiki iliyofunika injini na magoti yako, na masanduku mawili pembeni yenye kufuli. Haikuwa na cheni. Nguvu ilifika gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofichwa ndani ya bomba, kwa hiyo hakukuwa na cha kukaza wala cha kukatika. Nilikuwa nikitoka Malindi alfajiri, nikavuka feri ya Kilifi, maana daraja lilikuwa bado, nikapakia dawa Mombasa na kurudi kabla ya adhuhuri bila mgongo kuniuma. Kwenye lami ilitulia hata ukiwa kasi, na breki zake zilikuwa za kuaminika. Nilikuwa na raha, siwezi kudanganya. Nikiegesha sokoni watu waliacha kununua samaki wakaja kuiangalia, nami nikajifanya sioni.

Ubaya wake niliujua pia, na mapema. Ukienda polepole, uzito wote unakuja mikononi mwako. Pale ferini, kwenye mlango wa chuma uliolowa maji, niliteleza mara mbili mbele ya watu, na kwa kuwa haina gia ya kurudi nyuma ilibidi nivutwe na mabaharia huku wakinicheka. Joto la injini lilinichoma miguu. Kipuri kikiharibika tulisubiri mpaka kitoke ng'ambo. Na mchangani haikuwa na faida yoyote. Gurudumu la nyuma lilichimba tu na kujizika.

Baada ya mwaka hivi, Msimamizi wa Bohari aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa bara, mlokole, mpole wa sauti lakini mkali sana wa karatasi. Shirika lilitaka kuamua kama pikipiki kubwa ihudumie njia zote, pamoja na ile ya Ganze na Vitengeni, au zinunuliwe ndogo za kwenda huko ndani.

"Mimi sipandi pikipiki, Bwana Kahindi," alisema. "Niandikie ukurasa mmoja. Uzuri wake na ubaya wake. Usinifiche kitu."

"Sawa, mkubwa."

Nilimficha. Nilijaza ukurasa kwa uzuri, na chini kabisa nikaandika mstari mmoja wa ubaya: inakunywa mafuta. Habari ya mchanga sikuitia. Niliogopa kwamba wakinunua ndogo nitapewa mojawapo, na kubwa ataiendesha mtu mwingine. Sikuogopa njaa. Niliogopa kupita sokoni na mtu asigeuke. Msimamizi aliniamini, na njia ya Vitengeni ikakabidhiwa pikipiki kubwa.

Wakati wa kiangazi nilibahatisha, nikijipangia njia za pembeni penye udongo mgumu. Kisha asubuhi moja ilikuja habari kwa simu kwamba zahanati ya Vitengeni ina mama mmoja, Sidi, aliyeumwa na nyoka, moma, alipokuwa akipalilia mahindi, na wao dawa ya sumu imewaishia. Fundi Mkuu alinifungia chupa za dawa na barafu ndani ya kikapu cha kuhifadhi baridi. Lami mpaka Kilifi niliimaliza upesi ajabu, nikapita Kibarani na kukata kuingia njia ya Ganze. Nilijiona mwanamume hasa.

Kabla ya kufika Vitengeni kuna mto mkavu. Siku hiyo hapakuwa na njia ya pembeni, maana mvua ya juzi ilikuwa imeleta mchanga mpya. Niliingia humo humo. Katikati, gurudumu la nyuma lilizama mpaka kwenye ekseli, pikipiki ikalala upande, na egzosi ikanichoma shavu la mguu. Niliipa mgongo kama nilivyofundishwa. Mguu ukateleza. Nikaipa tena mgongo, na tena. Kanuni ya shirika ilikuwa wazi: atakayeitelekeza mali njiani amejifukuza kazi. Basi nilichimba kwa mikono, nikainua, nikaanguka, nikachimba tena. Kitambo kirefu kilipita hivyo.

Kandokando ya mto kulikuwa na mama mtu mzima akiteka maji kwenye kisima cha mchanga. Aliweka kata yake chini akaja.

"Mwanangu, hicho kikapu kina nini?"

"Kina dawa, mama."

"Ya nani?"

"Ya mtu aliyeumwa na nyoka hapo Vitengeni."

Alinitazama, akaitazama pikipiki. "Basi mbona wainua chuma?"

Niliuachia usukani, nikakinyakua kikapu. Yule mama alipaza sauti kumwita mzee mmoja, Baya, aliyekuwa akivuka na baiskeli yenye magunia mawili ya makaa. Mzee hakuuliza mengi. Aliyafungua magunia yakaanguka, tukaivusha baiskeli mchangani, akaniambia, "Panda nyuma, shika kikapu chako." Alikanyaga pedeli mpaka zahanati akihema, na mimi mtu wa mashine kubwa nikiwa nimepakiwa nyuma, nimejaa masizi ya makaa. Muuguzi alimchoma Sidi sindano saa ile ile. Alipona, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini sumu ilikuwa imekaa mno mkononi.

Niliporudi mtoni, yule mama na wenzake wanne walikuwa wameisimamisha pikipiki na kutandika leso juu ya kiti kisichomwe na jua. Sikuwahi kuwalipa kwa lolote zaidi ya asante.

Jioni ile niliandika ripoti ya pili, kurasa tatu. Niliandika mchanga, feri, joto, vipuri, na kwamba yote hayo niliyajua toka mwanzo. Msimamizi alisoma taratibu. Nilikuwa tayari kwa barua ya kufukuzwa.

"Hii ndiyo niliyokuomba," alisema. "Nikikufukuza kwa kurasa hizi, atakayekuja baada yako ataniandikia ukurasa kama ule wako wa kwanza."

Zikanunuliwa ndogo mbili. Kubwa ilibaki kwenye lami, mahali pake, na ilitufaa sana. Mimi nilipewa ndogo ya Vitengeni, nikaiendesha hadi kustaafu. Wa kugeuka sokoni hakuwepo, na nilishangaa jinsi hilo lilivyonipita upesi. Kazi ile ilinisomeshea watoto, ikanipa walimu kama Fundi Mkuu na mkubwa wa kunisamehe. Nashukuru kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku ya kuniaga, Sidi alikuja na kuku wawili. Kila mwaka alikuwa akinishukuru, na kila mwaka nilinyamaza. Siku hiyo nilishindwa. Nilimweleza habari ya ule mstari mmoja, na ya kurasa tatu zilizofuata.

Aliwaweka kuku chini. "Na vidole vyangu uliviandika?"

"La. Niliona haya."

"Basi viandike, Kahindi."

Ni viwili vilivyokatwa, vya mkono wa kushoto: cha mwisho na cha pete.