Jiwe la Bi Hamisa Lililokosa Shahidi

Hamisa binti Thabiti alipenda sana mazungumzo, tatizo hakuwa na wa kuzungumza naye. Mumewe, Salumu, alifariki mwaka 1968, watoto hawakujaliwa, na shamba lao la mihogo lilikuwa peke yake nyuma ya mikoko, karibu na Mto Ruvuma unapoingia baharini. Siku nyingine neno lake la kwanza lilikuwa la kumfukuza kuku.

Alasiri moja ya mwaka 1971 alikuwa akipalilia. Mshindo ukapasua anga, na akaona kitu cheusi chenye mkia wa moshi kikitumbukia kati ya matuta. Alikuta jiwe kubwa kama nazi iliyofuliwa, jeusi, linanuka lami.

Kijijini mshindo waliusikia, lakini miaka ile Mreno alikuwa akipiga mabomu ng'ambo ya mto, na watu walishachoka kuinua macho. Jumanne, balozi wa nyumba kumi, alilitazama jiwe kwa mbali.

"Kipande cha bomu hicho, mama. Huenda kina damu ya watu. Katupe baharini."

Hakulitupa. Ila damu ni najisi, na jiwe alitaka likae chumba anachosalia. Basi akaliosha maji matatu, akalisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi, mpaka ganda lake la juu likabanduka lote. Akaliweka kando ya msala wa Salumu. Tangu hapo akawa na wa kumwamkia asubuhi, na asiyeujua upweke namna hiyo asimcheke.

Mwaka uliofuata habari zilimfikia Ismaili, kijana wa ofisi ya madini, naye akaja kutoka Mtwara mjini na mizani, sumaku na kioo cha kukuzia. Sumaku ilishika kidogo sana. Ndani ya jiwe aliona chembe za mviringo, ndogo kuliko ulezi. Akalipima, akaandika rangi, uzito na harufu.

"Shikamoo tena, bibi," alisema, furaha imemzidi. "Hili si bomu. Ni kimondo. Vingi vina chuma tele, hiki ni cha jamii ya kaboni, kina hata maji yaliyofungwa ndani tangu dunia haijawa dunia. Ni adimu."

Hamisa alisikia raha mpaka kifuani. Kumbe hakuota.

"Sasa tunaandika moja kati ya mawili: kilionekana kikianguka, au kiliokotwa tu. Nani alikiona?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

Hamisa aliangalia matuta.

"Basi ganda la juu lingetosha. Kikianguka karibuni, huwa na ganda jipya lililoungua angani. Mbona hiki hakina?"

"Nililiosha," alisema taratibu.

 Ismaili alimwamini, lakini fomu ilitaka ushahidi. Akaondoka na jiwe.

Barua ya ofisi ya madini ilikuja baada ya miezi minane. Mwalimu Fauzia wa shule ya kijijini alimsomea kibarazani: kimondo cha mawe, jamii ya kaboni, kiliokotwa shambani.

"Rudia hapo mwisho, mwanangu."

"Kiliokotwa shambani."

Hamisa alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Waandikie jibu," alisema. "Waambie, angekuwepo Salumu, tungekuwa wawili."