Usiku Tulipochoma Paa la Jirani

Juzi jioni bati la jikoni kwangu lilianza kugonga. Umeme ulikuwa umekatika mtaa wetu wote wa Kigera, tunakula kwa mwanga wa tochi ya simu, na mchana simu hiyohiyo ilikuwa imeniletea tahadhari ya upepo mkali ziwani. Mume wangu alisema ni msumari umelegea, kesho atamwita fundi. Hata mimi najua ni msumari. Lakini wewe unanijua: mimi, mama mzima mwenye cherehani zangu mbili mjini na sauti ya kutosha kumnyamazisha mteja mkorofi, niliacha sato kwenye sahani nikaenda kusimama mlangoni, nikilitafuta ziwa ambalo kutoka kwetu hata halionekani. Watoto walicheka. Nikawaambia wacheke tu, wao hawajawahi kushika bati usiku kucha.

Hawa watoto nimewasimulia vipande vipande. Nikifika mahali fulani huwa nakumbuka ghafla kwamba nimeacha chungu motoni. Wewe nitakusimulia hadi mwisho.

Kwetu ni kijiji cha rasini, kinachotazamana na kisiwa cha Rukuba. Nikifumba macho kitu cha kwanza kunijia ni harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, nasi watoto tukiwageuza kwa fagio la vijiti na kuwafukuza kunguru. Mfukoni nilikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, na mdomo umejaa kiasi kwamba sauti ya kufukuza kunguru haitoki. Bibi alinipigia kelele kutoka kivulini: "Wewe, unawafukuza au unawakaribisha?" Ziwa nililipenda mno. Nalisema hilo mapema, maana watu wakiona ninavyoliogopa hudhani nililichukia tangu mwanzo.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa za karabai zinazoelea majini. Wanaume waliondoka jua likizama, na baadaye ungeziona taa zao huko mbali, zimejipanga kama mji mwingine uliowashwa. Kwenda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi. Mwalo wetu, yaani mahali pa kuegesha mitumbwi, ulikuwa na njia moja tu ya kuingilia, na pande zote mbili za njia ile kulikuwa na mawe, mengine yamejificha chini ya maji. Kwa hiyo paliwashwa moto pale mwaloni, sehemu ileile moja miaka yote, mkabala na ile njia. Aliyeuelekea moto moja kwa moja alipita salama. Aliyekosea kidogo alikutana na mawe. Kila giza la mwezi nyumba moja ilishika zamu ya kuutunza, na giza la mwezi wa saba mwaka ule zamu ilikuwa ya kwetu. Msimamizi alikuwa bibi.

Ilikuwa Jumamosi. Kijiji kizima karibu sote tulikuwa Wasabato, na siku hiyo hakuna aliyegusa wavu kabla jua halijatua. Tulishinda na ibada na viporo vya Ijumaa, wanaume wakilichungulia jua kama wanafunzi wanaosubiri kengele. Lilipozama Sabato ikatoka, nao wakatoka nayo mbio kwenda mwaloni.

Bibi alikuwa amesimama anatazama ng'ambo. "Rukuba imesogea," akamwambia baba.

Alikuwa na maana kwamba kisiwa kilionekana karibu kuliko kawaida, hata ukaona mti mmojammoja, na kwake hiyo ilikuwa dalili ya upepo mbaya. Baba akacheka. "Mama, Rukuba inasogeaga kila siku. Ingekuwa kweli saa hizi tungekuwa tunavuka kwa miguu."

Tulicheka wote, na kwa kweli bibi alijitakia. Giza lililotangulia alisema maneno hayohayo mara mbili, na hakikuja kitu ila mbu. Baba akapanda mtumbwi pamoja na jirani yetu wa karibu na vijana wawili. Walikuwa wameshaanza kupiga kasia mke wa jirani alipokuja mbio, akaingia majini hadi magotini akampa mumewe sweta aliloliacha kitandani. "Baridi yote hii, unaendaga na shati?" alimgombeza. Mumewe akalivaa palepale, watu wote wakitazama.

Upepo ulikuja tumeshakula. Kengele ya kanisani kwetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa mtini, na iligongwa kwa kipande cha nondo. Usiku ule ilianza kulia yenyewe. Nilidhani wanatuita kanisani, nikashangaa mbona mwitaji hana mpango, mara anagonga mbio mbio, mara anaacha. Nikamwona mama amesimama katikati ya chumba na sahani mkononi. Hakuwa ananisikiliza mimi wala mtu yeyote. Ndipo nikaanza kuogopa.

Tulipofika mwaloni ziwa lilikuwa linanguruma. Upepo ulitoka upande wa kushoto, unaambaa na ufukwe, unabeba mchanga na dagaa waliosahaulika anikoni, wanatupiga usoni. Kule mbali taa zilikuwa zinazimika. Nilijaribu kuifuata moja kwa macho, nikajiambia hii ni ya baba, na ilipozimika nikachagua nyingine. Nilibadilisha hivyo hadi hapakubaki ya kuchagua.

Wake za wavuvi walikuwa wamekusanyika. Bibi aliwaamuru wang'oe mabati ya kibanda cha dagaa, wayasimamishe kuukinga moto. "Huku kushoto zibeni. Mbele msizibe, mkiziba mbele mmezima." Mama alishika bati upande mmoja, mimi upande mwingine. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, mwembamba, na kila upepo ulipokuja bati lilinivuta nikaona miguu inaachana na mchanga. Lilikuwa linagonga kwenye jiwe nyuma yangu, ko, ko, ko. Mlio huo ndio ulioniondoa mezani juzi.

Cheche ziliruka kulia, na kulia ndiko ilikokuwa nyumba ya jirani, ya nyasi, iliyo karibu kuliko zote na ufukwe. Mke wake, ambaye naye nitamwita jirani, aliwatoa watoto akawapeleka kwetu, kisha akarudi na kusimama mbele ya bibi.

"Mama, tusogeze huu moto. Tuupeleke nyuma ya jiwe lile, upepo haufikagi kule. Hapa nyumba yangu inaenda."

"Ukiusogeza, mwanangu, na wao wanausogelea huko ulikoupeleka," bibi alijibu. "Huko kuna nini? Mawe matupu. Mume wako hajui kama tumehamisha. Yeye anajuaga moto unakaaga hapa."

"Na nyumba?"

Bibi akasukumia gogo motoni. Walitazamana, na kwa mwanga ule niliona jirani amekasirika kweli. Halafu akachukua ndoo. Alichota maji ziwani akalimwagia paa lake, akarudia na kurudia, na aliposhindwa kuinua ndoo tena akaja akashika bati pamoja nasi.

Kisha ikaja mvua. Haikuchukua muda, lakini ilishuka kwa wingi, na kuni zote za zamu zikalowa. Bibi alipiga magoti akauinamia moto, wengine wakamfunika kwa bati, wakabaki wanawake wazima wamejikunyata juu ya makaa yasiyojaa hata karai. Huko ziwani giza lilikuwa tupu. Nilikuwa nimejikojolea, na sikuona aibu, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimelowa. Niliogopa upepo, niliogopa kuachia bati, na kuliko yote niliogopa kumwangalia mama, nisije nikaona kwamba naye anaogopa.

Mvua ilipokata walichoma vigoda, wakachoma mlango wa kibanda, wakachoma magogo ya kuvutia mitumbwi. Mengi yalifuka moshi tu. Moto ukawa unashuka. Hapo ndipo jirani alipoondoka bila kuaga, na muda kidogo tukasikia kwake kitu kinavunjwa.

Alirudi na mzigo wa nyasi kifuani, zile za upande wa ndani ambazo mvua haikuzifikia, na fito za jikoni zilizokaushwa na moshi wa miaka, nyeusi tititi.

"Hizi ni kavu," akasema.

Bibi alimwangalia. "Mwanangu, hiyo ni nyumba."

"Inaezekwaga. Leteni panga."

Walikwenda wakaliteremsha paa kipande kwa kipande. Zile fito zilishika moto vizuri, na mwanga ukapanda hadi tukaona povu la mawimbi kwenye mawe ya ile njia. Nilisikia furaha, nakwambia ukweli. Mtu anabomoa nyumba yake mbele yangu, nami najisikia joto na furaha. Tukaendelea hivyo, wao wanaleta, bibi anapanga fito mojamoja, mama na mimi tumeshikilia bati, na hakuna aliyethubutu kusema jina la mtu yeyote aliyekuwa majini.

Mtumbwi ulitokea mbingu ikianza kupauka. Ulikuja umeuelekea moto moja kwa moja, umejaa maji, ukapita katikati ya mawe bila kugusa. Mama aliachia bati. Nilimwona baba, nikawaona wale vijana wawili. Mke wa jirani alikuwa ameingia majini hadi magotini, kama alivyosimama jioni, na alikuwa anatazama nyuma ya mtumbwi, kana kwamba mumewe anafuata kwa miguu.

Baba alishindwa kushuka. Alikaa palepale ameshika ukingo. "Shemeji," akasema, "yeye ndiye wa kwanza kuuona moto. Sisi tulikuwa tumeshapotea, hatujui Rukuba ni wapi wala nyumbani ni wapi. Yeye akasema, ule pale, nyookeni nao. Wimbi likatupiga ubavuni. Tulimtafuta, shemeji. Tulimtafuta."

"Aliuona?" jirani akauliza.

"Aliuona."

Alitoka majini, akaokota fito iliyobaki, akaiweka motoni. Kulikuwa kumeshakucha.

Ziwa halikumrudisha. Watu walimtafuta na mitumbwi hadi upande wa Rukuba, wakachoka. Baba na wale vijana waliijenga upya nyumba ya jirani, na walipofika kwenye paa walipigilia yale mabati tuliyoyashika usiku ule. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, wala sikumsikia tena akisema Rukuba imesogea. Alikuwa akitazama tu, kisha anaingia ndani. Na zamu za moto ziliisha zenyewe, kwa sababu kila giza la mwezi, nyumba yoyote iliyopangiwa ilimkuta jirani ameshawasha.

Siku hizi kijijini karabai hazipo, wavuvi wanatumia taa za sola. Mitumbwi ina injini, na kila kijana ana simu inayomwambia upepo unakuja saa ngapi. Wale dagaa wa mchangani sasa wanaanikwa juu ya vichanja. Ziwa nalo limepanda. Mwalo wetu wote umekwenda na maji, mitumbwi inaegeshwa upande wa pili wa rasi, na pale tulipowasha moto na bibi unaona mawimbi tu.

Nilikwenda mwaka jana kumsalimia mama, nikapita kwa jirani. Amezeeka, macho yamepungua nguvu, lakini alinijua kwa sauti na akanichekea kwamba nimenenepa. Alinipa michembe. Aliniambia vijana walimpenda wakamjengea mafiga mazuri huku juu, penye nchi kavu, apate kuwasha moto wake. Nikatazama. Mafiga yalikuwapo kweli, mawe meupe, hayana hata doa la moshi.

"Mbona huwashi, mama?"

Alielekeza mkono majini, kule palipokuwa mwalo. "Anajuaga pale," akasema. "Nikiuwasha hapa, atapita wapi?"