Mashine Kwangu, Betri kwa Mke Mwenzangu

Admin, jina langu lizike kabisa, maana hapa Nsambya kila mtu ana simu na kila mwenye simu ana mdomo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na miwili, bi mkubwa katika nyumba ya wake wawili. Wazee wetu waliletwa Kampala na biashara kutoka pwani, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichokulia na ndicho tunachogombania. Naandika nikiwa na hasira na simwombi mtu radhi.

Mimi na bi mdogo tunakaa uwanja mmoja. Nyumba yangu iko juu, yake chini, katikati bustani. Mama yangu mzazi anaishi kwangu, chumba chake kina mlango wa nje. Macho yameingia ukungu, na raha yake iliyobaki ni kutoka na fimbo, akae juani, apige soga na wapita njia pale getini. Mvua za safari hii zimeotesha majani mpaka magotini, yakafunika njia, mama akajikwaa akaanguka. Tangu siku hiyo akawa anashinda chumbani amegeukia ukuta. Nikamwambia mume wangu, "Baba Shamsa, mama yangu amefungwa na majani. Nataka mashine ya kukata majani."

Kuchagua nilichagua mimi. Yeye ana duka la spea Kisenyi lakini kwa habari ya majani hajui kitu. Nilizunguka maduka ya Kikuubo mpaka miguu ikavimba. Ya petroli ni nzito, ina kelele, na ukisahau kuchanganya oili injini inakufa. Ya waya inataka umeme, na umeme wetu mnaujua. Nikapata ya betri, nyepesi, inayokata kwa kamba ya nailoni, maana kwetu mawe ni mengi na ile ya kisu ikigonga jiwe inakurudia mwilini. Ilikuwa bei nafuu kwa sababu ilibaki hiyo moja na betri yake moja, nyingine ya akiba haipatikani, muuzaji aliniambia wazi. Kwa bustani ya nyumbani nikaona inatosha, nikamtuma Baba Shamsa akailipie.

Sasa sikieni uadilifu wa wanaume. Aliporudi nayo alituita sote wawili sebuleni, akakohoa kama kadhi. Mashine akanipa mimi. Betri na chaja akampa bi mdogo!

"Baba Shamsa, umerogwa?" nikamuuliza.

"Nikimnunulia mmoja nikamwacha mwingine nitaulizwa mbele ya Mungu," akasema. "Hivi kila mtu ana chake. Mkitaka kukata, mtaongea."

Tuongee! Mimi na yule hatujasalimiana tangu Idi, aliponiambia mbele ya wageni kwamba pilau langu halina chumvi. Hata hivyo, kwa ajili ya mama, nilimtuma binti yangu Shamsa akaombe betri. Akarudi mikono mitupu. "Mama Mdogo anasema uje mwenyewe, uombe kwa adabu."

Astaghfirullah! Mimi niliyeolewa yeye akiwa bado anavaa sare ya shule, niende kumbembeleza? Nikasimama uwanjani nikapaza sauti, "Kaa na betri yako, itie kwenye chai unywe!"

Naye dirishani, "Na wewe lala na mashine yako, bi mkubwa, ikukumbatie!" Majirani wakacheka.

Mashine kweli iko chini ya kitanda changu. Baba Shamsa akakataza kuita mkata majani, eti ameshanunua mashine halipi mtu. Mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, si kuna fyekeo stoo? Nifungulie kanjia tu."

"Mama, nishike fyekeo na mashine ninayo, yule anione anicheke? Siwezi. Vumilia kidogo." Akageukia ukuta wake.

Alhamisi narudi kutoka sokoni, naingia getini, nikaganda. Kuna njia imekatwa, safi, unaweza kutambaza mtoto. Inaanzia mlangoni kwa mama, inashuka bustani nzima, inaishia mlangoni kwa bi mdogo. Haikuja getini wala kizingitini kwangu. Upande wangu majani vilevile. Bi mdogo ameikata kwa fyekeo, kwa mikono yake, banange jamani, viganja vimejaa malengelenge. Na mama yangu aliyenizaa yuko kwenye mkeka wa adui yangu, anakunywa chai ya tangawizi, anacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu aanguke.

Nikapiga kelele, "Mama, toka hapo! Huyo anakutumia ili aniumize mimi!"

Bi mdogo akainua birika. Akamwongezea chai. Mama ndiye aliyejibu. "Huenda ananitumia. Lakini njia ninayo."

Tangu hapo kila adhuhuri anashuka kule na fimbo yake. Mume wangu anasema bi mdogo ameonyesha utu, kwa hiyo nimkabidhi mashine yaishe. Kumbe uadilifu wake una kikomo! Na jana mama amemtuma Shamsa aje achukue msala wake wa kuswalia na blanketi, apeleke chini.

Sasa nyie mnaosoma, nisaidieni. Nishuke na mashine mkononi, yule mwanamke anione nimeshindwa? Au nimpeleke mama kwa kaka yangu Jinja, apende asipende? Na asinijie mtu hapa na "ongeeni", nitamjibu vibaya. Nifanye nini? Mashine bado ni mpya, haijakata hata jani moja. Asubuhi ya leo nimekoroga uji wa mama kama kawaida, nikafungua mlango wake, nikakuta kitanda kimetandikwa.