Bunduki Fupi ya Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa dobi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi ya malori, chumba kimoja chenye meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, na dirisha dogo lililoingiza vumbi kila lori lilipoondoka. Sisi tuliokuwa tukimpelekea mashati tulimjua kwa mambo mawili. Hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, na hakuwahi kusahau ubaya aliotendewa. Ukimtolea kauli chafu, shati lako litanyooshwa vizuri, litakunjwa vizuri, kisha litakaa chini ya marobota yote mpaka wenye adabu wamalize kuchukua yao.

Mumewe alikuwa fundi wa malori, na mtaa mzima ulimwita Makanika. Mtu mcheshi, hodari wa kazi, aliyependa kuwinda kuliko kula. Leseni yake ya silaha ilichukuliwa mwaka ule alipokwenda porini amelewa, akampiga ng'ombe wa jirani, tena mwenye mimba, akidhani ni nyati. Alilipa, akaomba radhi, lakini afisa wa silaha alimwambia wazi kwamba hatapewa leseni tena. Makanika hakukubali yaishe hivyo. Alimpeleka mkewe kwenye mafunzo, akamkalisha darasani pamoja na wanaume, ajifunze kulenga na kutunza silaha. Mama Pasi akafaulu. Leseni ikatoka kwa jina lake, na Makanika akanunua bunduki aliyokuwa akiiota siku zote.

Ilikuwa bunduki fupi, nyepesi, ambayo mtu aliweza kupenya nayo vichakani bila mtutu kunasa kwenye matawi. Kila risasi iliingizwa kwa mkono: unavuta komeo nyuma, unalisukuma mbele, basi. Risasi zenyewe zilikuwa za kati. Hazikuwa zile ndogo za kupigia kanga wala zile kubwa za kuangushia nyati, lakini kwa swala na nguruwe pori zilitosha kabisa, na hazikumpiga mtu teke la bega. Makanika aliipenda hata akaipa jina, Mke Mdogo. Kila Jumamosi mkewe alimfungulia sanduku la chuma, naye akatoka nayo kinyume cha sheria. Mama Pasi alishinda roho mkononi, maana likitokea la kutokea, jina lililoandikwa lilikuwa lake.

Kisha Makanika akapata mke mdogo wa kweli. Alikuwa msusi mwenye saluni upande wa pili wa stendi, mwanamke mjane mwenye watoto wawili. Makanika alihama mchana, Mama Pasi akiwa kibandani na nguo za watu. Alichukua nguo zake, redio, na godoro jipya ambalo Mama Pasi alikuwa amelinunua kwa jasho lake. Bunduki hakuipata. Ilikuwa ndani ya sanduku lililokazwa ukutani kwa misumari mikubwa, na funguo zilikuwa kiunoni kwa mwenye leseni.

Alirudi baada ya wiki moja, kavaa shati ambalo halikunyooshwa.

"Nimekuja kwa amani," akasema mlangoni. "Nataka ile bunduki tu."

"Ipi?"

"Mama Pasi, usinifanyie hivyo. Unajua nimeinunua kwa pesa yangu."

"Na godoro lilinunuliwa kwa pesa ya nani?"

"Nitalileta godoro."

"Baki nalo. Umeshalilalia na mtu." Mama Pasi aliweka pasi kwenye kikalio chake. "Bunduki ina leseni, na leseni ina jina. Nenda kwa afisa wa silaha, mwambie ulikuwa ukiitumia kila Jumamosi. Akikupa, nitakufungia kwenye gazeti uondoke nayo."

Makanika akaondoka mikono mitupu. Dada yake Mama Pasi, aliyekuwa akitia maji kwenye ndoo, akamshauri aiuze ile silaha, maana nyumba yenye hasira na bunduki haimpi mtu usingizi. Mtaani nako watu walishaanza kunong'ona kwamba siku moja atampiga mumewe risasi.

"Nimpige ya nini?" akasema Mama Pasi. "Nikimpiga ataumia mara moja. Mimi nataka aumie kila Jumamosi."

Ndivyo alivyoanza kuwinda.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na wakulima ambao mahindi yao yalikuwa yakiliwa na nguruwe pori na swala, nao walikuwa na kibali cha kuwaita wawindaji wenye leseni. Aliyewaongoza wawindaji hao alikuwa sajini mstaafu, yuleyule aliyefundisha darasani. Mama Pasi alimfuata akaomba kujiunga. Sajini alimtazama viatu, akamwambia alete vingine vyenye kushika tope.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya aibu. Alichelewa kuvuta komeo, alipumua vibaya, alikosa nguruwe aliyesimama kama ameegeshwa. Sajini alilala kifudifudi kando yake akimwangalia kidole.

"Unabana kifyatulio kama mtu anayemfinya mwenzake," akasema.

"Ndivyo ninavyofanya, Afande."

Sajini hakucheka. "Basi mfinye taratibu. Mwenyewe asijue ni lini ataumia."

Ushauri huo ulimwingia Mama Pasi kuliko yote ya darasani. Tangu hapo alijifunza kungoja. Alikaa kwenye majani yenye umande, komeo limefungwa, kidole nje ya kifyatulio mpaka mnyama ageuze ubavu. Siku alipomwangusha swala dume kwa risasi moja nyuma ya bega, hata wakulima walimpa mkono. Yeye hakusherehekea. Alikata mguu wa mbele, akaufunga kwenye mfuko safi, akamwita kijana wa pikipiki.

"Peleka kwa Makanika, pale saluni. Mpe salamu zangu. Mwambie Mke Mdogo hajambo, na anafanya kazi."

Kijana aliporudi alisema Makanika alifungua mfuko, akaiangalia ile nyama, uso ukamshuka, akaingia ndani. Mama Pasi alilala usingizi mtamu. Basi ikawa ndiyo desturi yake. Kila alipopata swala, mguu wa mbele ulivuka stendi na salamu zilezile. Huko gereji wenzake Makanika walianza kumuuliza kila Jumatatu mke wake mdogo kampikia nini. Alipigana na mmoja wao kwa spana. Mama Pasi alipoletewa habari hiyo alituomba tuisimulie tena, polepole.

Siku moja msusi mwenyewe akaja kibandani, na gauni mkononi kama mteja wa kawaida.

"Dada, shikamoo."

Mama Pasi alimalizia mkono wa shati kwanza. "Marahaba."

"Nimekuja kukushukuru. Kwa ile nyama."

"Makanika anaionaje?"

"Yeye hali. Hukaa nje mpaka tumalize. Tunakula mimi na watoto, na siku hizo wanashiba kweli."

Akasema kwa unyenyekevu, bila kejeli yoyote, akaacha gauni akaenda zake. Mama Pasi alibaki amesimama na pasi hewani. Kumbe wakati wote alikuwa akimlisha mwanamke aliyelala kwenye godoro lake. Dada yake akamwambia labda huo ni ujumbe wa kusamehe. Mama Pasi akamwambia kama anataka kuhubiri, aende akahubiri kule kwenye malori.

Tangu siku hiyo hakupeleka nyama tena. Alipeleka pembe. Tena hakuzipeleka saluni, alizipeleka gereji, mchana, mbele za watu.

Makanika alivumilia msimu mmoja. Wa pili ukamshinda. Alikuja jioni, mapema, amekonda, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Nimekosa," akasema. "Nirudishe nyumbani. Yule nitamwacha."

Walikuwa na binti mmoja, aliyekuwa akisomea uuguzi mji wa jirani, na mwezi uleule alikuwa anamaliza. Tangu ahame, baba hakuwahi kumpigia simu. Mama Pasi akajiambia moyoni: akimtaja mtoto hata mara moja, nitamsikiliza.

"Njoo Jumamosi," akamjibu. "Twende porini. Utabeba mzigo."

Alikuja alfajiri, amevaa buti zake za zamani, uso umenawiri kama bwana harusi. Walivuka mto pamoja na Sajini na wakulima wawili. Njia nzima Makanika alizungumza. Alisifu jinsi mtutu ulivyotunzwa. Aliuliza kama komeo bado linakaza kidogo asubuhi za baridi. Aliuliza risasi anazinunua wapi na kama darubini ya kulengea imeguswa. Aliuliza kila kitu. Binti hakumtaja.

Sajini na wakulima walikuwa wamebaki nyuma, ng'ambo ya kichaka, ndipo kando ya mahindi swala dume akatoka, akasimama akinusa. Mama Pasi alipiga goti. Makanika alikuwa nyuma yake, karibu sana, akihema.

"Niachie," akanong'ona. "Moja tu. Hakuna anayeona."

"Mimi naona."

"Nakuomba, mke wangu."

Mama Pasi akamfinya mnyama taratibu. Swala aliruka mara moja akaanguka. Alivuta komeo, ganda la risasi likatoka likiwa la moto, likaangukia buti ya Makanika. Makanika akakaa chini kwenye majani, akafunika uso kwa mikono yake ya grisi, na mabega yakaanza kutikisika.

"Umefurahi sasa?" akauliza baadaye.

"Ndiyo," akasema Mama Pasi, na hakuwa anadanganya.

Makanika alimbeba swala mabegani mpaka barabarani, damu ikimchuruzika shingoni. Pale Mama Pasi alimkatia mguu wa mbele.

"Huu ni wa wale watoto. Upeleke mwenyewe. Nyumbani kwangu usirudi."

Aliupokea. Akashika njia ya saluni.

Kabla ya mvua kuisha Makanika na msusi walihamia mji mwingine, ambako alipata kazi kwenye kampuni ya mabasi. Tulidhani Mama Pasi atachangamka. Badala yake alikuwa mkali kwa wateja majuma mazima, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Alikiri mwenyewe, akinyoosha kola, kwamba hasira ile ilimpa nguvu ya kuamka, na sasa alilazimika kuamka hivihivi tu.

Lakini Jumamosi alikwenda. Binti aliporudi na sare yake ya uuguzi, alimkuta mama amekaa mlangoni, bunduki mapajani, komeo limetolewa, akifuta mtutu kwa kitambaa chenye mafuta.

"Mama, baba ameshaondoka," akasema. "Sasa unawinda kwa ajili ya nani?"

"Nguruwe wamerudi kwenye mahindi," akajibu Mama Pasi. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."